Nyumba Haishonwi Kama Gauni

Mama Godi alishuka kutoka Bungu Jumamosi asubuhi, blanketi zito la mistari amelikunja kwapani. Nilipoliona tu nilijua. Lilikuwa la kumfungia Hiza, kitukuu changu ambaye hata kutambaa bado, ili apande naye milimani.

Sikumlaumu. Mjukuu wangu Salome ni fundi cherehani, na yeye na mumewe Godlisten hufuata minada, mara Handeni, mara Mashewa. Watu wakinunua mtumba, Salome anapunguza kiuno na kukunja pindo palepale. Usiku wanalala chini ya turubai. Mvua za juzijuzi zikamlowesha mtoto, akapata homa ya mapafu, akalazwa. Alipotoka tu, Agripina, ndiye huyo mama Godi, mama mzazi wa Godlisten, akatuma neno kwamba mtoto akae Bungu mpaka ajue kukimbia.

"Bibi, atakuja kuniita shangazi," Salome aliniambia, machozi yanamdondokea kwenye cherehani.

Ndipo Godlisten akachomelea tela dogo la kukokotwa na guta lake la magurudumu matatu, na juu yake akasimamisha kibanda cha povu gumu jeupe, lile linalokuja limekumbatia televisheni mpya. Mabamba yake aliyapata Korogwe mjini, kwenye bucha moja iliyokuwa ikibomoa chumba chake cha baridi. Ni mepesi, hata mimi na mgongo wangu nainua bamba zima. Lakini ukiligusa kwa ukucha linameguka kama andazi la jana. Lazima livishwe nguo, na kuchagua nguo na gundi tukaachiwa wanawake.

Mimi sipendi haraka. Nilivunja vipande vidogo vya povu, nikavipanga barazani, kila kimoja na kitambaa chake. Gundi ya viatu tuliijaribu kwanza, kwa kuwa kila mtu anaisifu. Tukaipaka, tukasikia tsss, povu likanywea likabaki shimo. Salome akaruka: "Bibi, inakula nyumba!" Tukahamia gundi nyeupe ya maseremala, tukaizimua na maji kidogo. Hiyo ikatulia.

Kwa vitambaa, nilianza na gunia la katani. Baba yangu alikuja nchi hii kukata mkonge, nami nina imani nao. Lakini gunia lilikunywa gundi kama ngamia, na likabaki na manyoya ya kuchoma. Turubai la plastiki likabanduka lilipokauka. Kitenge kilikuwa kizuri, ila chepesi mno, ukilibonyeza povu kinaingia nalo. Mwisho tukapata mashuka mazito ya pamba, ya mtumba, yaliyofuliwa mpaka yakalainika. Shuka likashikana na povu likawa gumu kama kiatu kipya. Tukavalisha kibanda kizima, juu tukapaka rangi ya maji, ile ya kuta za nje. Kilikuwa kimekauka vizuri siku Agripina alipobisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama Godi. Karibu uone nyumba ya mjukuu wako."

Alikizunguka kibanda polepole. "Hii? Mbuzi akiiegemea si anaingia nayo?"

"Mama, gonga," Salome alisema.

Akagonga. Ikajibu kama ngoma. Nikaona midomo yake imelegea kidogo. Alichota ndoo ya maji pipani, akapanda kigoda, akamwaga yote juu ya paa.

Salome alikuwa amekaa ndani na Hiza mapajani. Tukamsikia: "Ah!" Akatoka, bega limeloa, na kichwani mwa mtoto tone linang'aa. Agripina alilikunjua blanketi. Mkono wa Salome ulikuwa umemshika mtoto kwa nguvu hata akaanza kulia.

 Nilikaa kwenye ngazi ya baraza, nikafuta miwani yangu.

Agripina alikuwa bado anatazama paa, blanketi limefunguka mikononi. "Nani alianza kubandika huku juu?"

"Mimi, mama," Salome alisema. "Nilianza mabegani nikashuka."

"Mabegani!" Agripina akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mwanangu, nyumba haishonwi kama gauni. Angalia, shuka la ukutani limelala juu ya shuka la paa. Mdomo umetazama mbinguni, maji yanaingia yanashukuru. Kwetu baba aliezeka nyasi akianzia chini. Kila ya juu inailalia ya chini."

"Basi imeharibika?"

"Imeharibika nini? Bibi, gundi imebaki?"

"Ipo nusu ndoo," nilisema.

"Na shuka?"

"Mawili."

Akanipa blanketi nilishike, akafunga kanga kiunoni. Alikwangua viungo vyote vya ukingoni, akaviacha vikauke, akabandika vipande vipya kutoka chini kwenda juu, huku akimkemea Salome kwa kubana brashi kama sindano. Salome alijibu, "Na wewe mama unapaka kama unasonga ugali." Nilijifanya kukohoa nisicheke.

Siku ya pili yake, rangi tuliyorudishia juu ilipokauka, Agripina aliingia mwenyewe na Hiza, akafunga mlango. Safari hii ndoo tulishika mimi na Salome. Tukamwaga moja, tukamwaga ya pili. Ndani kimya. Nikafungua mlango kwa wasiwasi. Mtoto alikuwa amelala, na bibi yake anapapasa dari kwa kiganja, kona kwa kona.

"Nipe blanketi," alisema.

Salome alisita, kisha akampa. Agripina akalitandika sakafuni, akamlaza Hiza katikati ya mistari.

"Mashewa kuna baridi ya alfajiri," alisema akitoka. "Hilo pazia la mlangoni shona wewe. Pazia ndilo linaloanzia juu."