Mama wa Malampaka

Miaka ile kabla Simiyu haijawa mkoa, intaneti kafe ya Ndaki pale Bariadi ilikuwa chumba kimoja, kompyuta nne na jenereta lenye kikohozi. Soko huria lilikuwa limenoga. Kila mwenye mzani ananunua pamba, kila mwenye chumba anafungua biashara. Watu walikwenda kwa Ndaki kutazama matokeo ya mitihani na kuchapa barua za kuomba kazi. Wateja wakipungua, mwenyewe alivaa hedifoni, akaegemea kiti, akaenda kutembea duniani bila nauli.

Ugonjwa wake ulikuwa bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Wanaume wengine wana pombe, wengine wana nyumba ndogo. Ndaki alikuwa na blogu za muziki. Sizungumzii tovuti kubwa zenye matangazo ya magari. Nazungumzia blogu za watu binafsi, watu wasiolipwa na yeyote, wanaoweza kuandika kurasa tatu juu ya mzee mmoja mwenye gitaa bovu kama vile wanasimulia habari za mtemi. Alizisoma kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne, na neno asilolijua alilivuka kama mtu anavyovuka dimbwi. Wimbo alioanza kuupakua asubuhi ulimaliza kushuka mchana, na hakulalamika. Mvumilivu hula mbivu, na Ndaki alizila nyingi.

Blogu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mbrazili mmoja aitwaye Marcelo, ambaye ujanani alizunguka Afrika na kinasa sauti begani. Siku moja Marcelo akapandisha nyimbo nne na kuzipa jina: Mama wa Malampaka.

Ndaki alisogeza kiti. Malampaka! Hiyo hiyo ya stesheni, ya treni ya Mwanza? Ndiyo hiyo hiyo. Marcelo alieleza kwamba zamani treni yake iliharibika pale, abiria wakashinda juani, na mama mmoja aliyekuwa ameleta mchele wa kuuza akatoa ndono, ule upinde wa waya mmoja wenye kibuyu, akaanza kuwaimbia wasafiri ili wasikasirike. Marcelo akarekodi. Kisha treni ikapiga honi, naye akarukia behewa bila hata kuuliza jina. "Nimesikiliza bluzi maisha yangu yote," aliandika, "na hakuna iliyowahi kunifika kama hii."

Ndaki akabonyeza. Waya ukalia, kijiti kikaugonga taratibu, halafu ikaja sauti nzito ya kike, yenye mchanga kidogo, ikiimba Kisukuma cha nyumbani kabisa:

Mzani wa mnunuzi una njaa kunishinda,
unakula pamba yangu kabla sijaiuza.

Alicheka kwa sauti, maana aliwahi kuwa karani wa kununua pamba na mizani ya namna hiyo aliijua. Kabla kicheko hakijaisha akajikuta anafuta machozi. Huyu mama hakuwa analalamika. Alikuwa anautania umaskini kama mtu anavyomtania shemeji yake, na Ndaki alifurahi mpaka akarudia wimbo huo mchana kutwa, wateja wakagonga meza wee mpaka wakachoka.

Jioni alimwandikia Marcelo tafsiri ya maneno, pale chini ya ukurasa ambapo kila mtu duniani anaweza kusoma. Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini raha humfanya mtu aropoke, naye akaongeza: "Mimi nampenda mama huyu. Natamani nikae naye uso kwa uso, magoti yetu yakigusana, aniimbie mpaka achoke." Marcelo alifurahishwa na maneno hayo hata akayakoza wino na kuyapandisha juu kabisa ya ukurasa.

Nyumbani mke wake, Kabula, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hafichwi mtoto anayetabasamu bila sababu.

"Baba Elina, huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke yupi?"

"Huyo anayekuchekesha na ugali uko mdomoni."

"Aa, ni mama mmoja wa Malampaka. Ana sauti, Mama Elina! We acha tu."

Kabula hakuacha. Kesho yake mchana alifika kafe na chakula kwenye hotipoti, akakiweka mezani bila salamu, akamvua mumewe hedifoni na kuivaa yeye. Ndaki akamchezea wimbo wa mzani, tena kwa majivuno, kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake. Uso wa Kabula ulikuja umekunjwa. Ukakunjuka. Kisha akatafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Baba Elina, huyu ni mayu."

"Mayu wa nani?"

"Wangu mimi, mama yangu mzazi. Mkweo."

Sasa, kama wewe unatoka kwa watu ambao mkwe huingia jikoni kwa mama mkwe na kufunua sufuria, huwezi kujua ni nini kilimpata Ndaki. Katika ukoo ule ukwe ulikuwa ukwe. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia mtamani mpaka mwenzake apite. Tangu aoe, Ndaki alikuwa hajapata kwa mama yule zaidi ya salamu, nayo ilitolewa kwa mgongo na kanga ikiwa imefunika kichwa. Alimjua mkwewe kwa visigino. Na mtu huyo huyo ndiye aliyetaka wagusane magoti, akatangaza hivyo mbele ya mataifa.

Alirukia kompyuta ayafute yale maneno. Mtandao ukakatika. Uliporudi, akakuta mtu mmoja wa Norwei ameandika chini yake kwamba naye angependa kukaa hapo hapo. Ndaki akashika kichwa. Kabula, Mungu amsamehe, alicheka mpaka akapaliwa.

"Lakini niambie," Ndaki alisema mambo yalipotulia, "miaka yote hii mbona sijawahi kusikia kwamba mayu anaimba?"

"Aliacha."

"Lini?"

Kabula akaanza kufuta hotipoti ambayo haikuwa chafu. "Ulipoleta ng'ombe wa mahari."

Kabula akaona ni heri amalize. "Zamani hapakuwa na arusi bila yeye. Mavuno ya pamba yakiisha walimwita mpaka Nyalikungu. Halafu ukaja wewe, karani mgeni wa pamba pale Lalago, ukaleta ng'ombe kabla ngoma za mwaka huo hazijaanza, na tangu hapo kila penye ngoma upo. Mama mkwe ataimbaje mbele ya mkwe? Ni sawa na kuvua nguo. Akaipandisha ndono juu kwenye kenchi, miti ya paa la jiko. Tulipohamia huku alikuwa ameshazoea kunyamaza."

Chakula kilipoa siku hiyo. Ndaki alikuwa amepekua blogu za dunia nzima akitafuta sauti zilizosahauliwa, akawalaani wote waliozizima, kumbe mzimaji mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Kosa halikuwa lake, alilijua hilo. Hata hivyo lilimuuma. Alitaka jambo moja tu: yule mama aimbe tena. Hata kama yeye atakuwa Bariadi na masikio yameziba, aimbe.

Wakakubaliana Kabula aende Lalago kwa mama yake na simu yenye zile nyimbo. Alikaa huko mwisho wa wiki wote, na Ndaki aliuza muda wa kompyuta bila kujua anauza nini. Aliogopa. Mama akiona amevunjiwa heshima, ukwe ungeingia ufa ambao hata ng'ombe wengine wasingeuziba.

Aliporudi, Kabula alivua viatu kwanza, akanywa maji, akaomba mengine.

"Mama Elina, usiniue."

"Alisikiliza amesimama," Kabula alisema. "Halafu akaketi juu ya kinu. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema, huyo binti ana sauti. Nikamwambia, mayu, ni wewe huyo. Akasema najua, mimi si kiziwi."

"Halafu?"

"Akauliza nani wamesikia. Nikamwambia Brazili, Norwei, sijui wapi. Hakushtuka. Akauliza, na yeye, mkwe? Nikasema, na yeye."

"Akasemaje?"

"Akasema paa la jiko linavuja. Mkwe aje Jumamosi aezeke."

Ndaki aligeuza maneno hayo kila upande bila kupata mlango. Kwao mkwe hafokewi, hupewa kazi, na kazi inaweza kuwa shukrani au inaweza kuwa adhabu. Mwenye kuezeka hajui mpaka amalize. Ijumaa wakadandia lori la pamba, wakalala Nyalikungu kwa ndugu, na asubuhi wakafika Lalago.

"Mwangaluka, mayu," Ndaki aliusalimia ukuta wa jiko.

"Mwangaluka," ukuta ukajibu.

Nyasi zilikuwa zimeshakatwa na kulazwa, kamba zipo, ngazi imeegemezwa. Akapanda, akaanza kung'oa nyasi kuukuu zilizokuwa nyeusi kwa moshi. Haikumchukua muda kugundua kwamba paa lile lilikuwa zima. Palikuwa na kitobo kimoja, hapo juu ya mafiga, ambacho mtu angekiziba kwa konzi ya majani. Chini yake alisikia vyungu vikisogezwa na moto ukipulizwa. Alikuwa karibu na mama yule kuliko siku yoyote ya maisha yake, na macho yake aliyakaza kwa ng'ombe waliokuwa wakilisha mbali.

"Kabula," sauti ilisema kutoka ndani, "mwambie mkwe kuna kitu hapo kwenye kenchi. Akishushe."

Kabula alisimama mlangoni, katikati ya watu wawili ambao wangeweza kuguswa wote kwa fimbo moja. Akainua uso. "Mayu anasema kuna kitu kwenye kenchi, ukishushe."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mayu."

Ndaki akaingiza mkono tunduni, akapapasa kwenye masizi. Akashika mti uliopinda. Akafuatisha kwa vidole mpaka akafika kwenye mviringo laini wa kibuyu. Akaitoa nje, akaipangusa kwa shati lake zuri la safari. Waya ulikuwa umeliwa na kutu.

"Mama Elina, mwambie mayu waya umekufa."

Kabula hata hakupata nafasi ya kufungua mdomo. "Waya ninao," sauti ilisema. "Nilinunua juzi mnadani."

Juzi mnadani! Ndaki alifunga ndono kwa kamba ya kuezekea, akaipitisha tunduni na kuiteremsha polepole, uso ameugeuzia machungani. Kamba ikashikwa huko chini. Ikatikiswa kidogo, ikalegea, akaivuta ikiwa tupu.

Akaendelea na kazi, maana mkwe aliyekaa tu juu ya paa la mama mkwe ataonekana ana lake jambo. Chini waya ulikazwa, ukajaribiwa, ukakazwa tena. Kabula aliomba ruhusa, akaruhusiwa, akaiweka simu juu ya kinu inase. Kisha kijiti kikaanza kugonga. Sauti ilipotoka ilikuwa imezeeka, mchanga umezidi, pumzi inakatika mahali ambapo zamani haikukatika. Lakini ilikuwa ile ile. Ilipita kwenye nyasi pamoja na moshi, ikamfikia Ndaki miguuni na kumpanda mwili mzima. Alifurahi hata akakosa pa kuiweka furaha yenyewe, basi akawa anafunga nyasi.

Baadaye Marcelo, alipotumiwa nyimbo hizo, aliuliza kuna ala gani ya pili inayosikika, kavu, inachakarisha nje ya mapigo. Ndaki akamjibu kwamba ala hiyo inaitwa mkwe.

Mama aliimba wa mzani. Akaimba wa mume mvivu, na hapo Ndaki akaezeka kwa bidii. Akaimba mwingine wa mvua, na majirani wakaanza kusogea uani mmoja mmoja, wanawake wa rika lake wakishika midomo, mmoja akilia waziwazi na kumwita mama kwa jina lake, "Ng'washi! Ng'washi amerudi!" Jua lilifika utosini. Ndaki akafunga fungu la mwisho la nyasi, akalipigapiga kwa kiganja, akatazama. Kazi ilikuwa imekwisha, na nzuri, hata kama atajisifu mwenyewe. Akateremsha mguu mmoja kwenye ngazi.

Ngazi ikalia. Chini, wimbo ukakatika katikati ya neno.

Ndaki akaganda, mguu mmoja nyasini na mmoja ngazini. Akafikiri, basi, nimeharibu. Amekumbuka kuwa nipo. Akamtazama Kabula, na Kabula akatazama chini.

Halafu kijiti kikagonga tena, polepole, na sauti ikaimba maneno ambayo hayakuwa kwenye kaseti ya mtu yeyote. Safari hii hayakupitia kwa Kabula. Yalipanda moja kwa moja:

Wewe uliye juu, usishuke kwanza,
paa langu bado linavuja.

Ndaki alitazama kazi yake. Hata tone moja lisingepita hapo. Akarudisha mguu juu, akapiga magoti, akafungua kamba ya kwanza, akaanza kuezeka upya.