Koti la Orwa

Sentensi ya kwanza ya kazi ya Princess Odongo ilitungwa na watu wa makao makuu ya mfuko wa pensheni: "Karibu Mfuko wetu, naitwa Princess, nikuhudumie nini?" Ya mwisho nayo walimtungia: "Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?" Kilichokuwa katikati kilikuwa chake mwenyewe, na alikifanya vizuri. Wastaafu waliokuja kila mwaka kuhakikiwa, yaani kuonyesha kwamba bado wako hai, walikubali kungoja foleni ya dirisha namba tatu hata pale dirisha namba nne la mwenzake Venant lilipokuwa tupu.

"Princess wa mfalme gani wewe?" aliuliza mzee mmoja wa Kisukuma, kama alivyouliza mwaka uliopita.

"Wa mfalme Odongo, fundi baiskeli wa Mkuyuni. Weka kidole hapa, mzee wangu."

"Kinasema niko hai?"

"Kinasema."

"Basi mpigie simu mke wangu umwambie. Yeye ana mashaka."

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakubahatisha. Jina lililoandikwa kwa namna mbili alilifuatilia mpaka kwenye cheti cha ubatizo. Aliamini kwamba mtu anayehangaika kwenye ofisi za serikali mara nyingi ameponzwa na ukweli ulioandikwa nusu, na kwamba dawa yake ni kuuandika wote.

Siku Selestina alipokuja, Venant ndiye aliyempokea, akashindwa. "Princess, njoo," aliita. "Wa kwenu hawa. Kiswahili cha mzee kinanitoa jasho."

Mbele ya dirisha alikaa mama mwenye uso uliovimba na mkono wa kushoto uliofungwa bandeji pale wanapochoma sindano za mashine ya kusafisha damu. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye mvi, amevaa koti la kahawia lililochakaa kwenye viwiko, joto lote lile la Mwanza. Mama alikuwa mjane wa Okech, fundi mitambo wa kivuko cha serikali, aliyefariki miaka miwili kabla. Mwanamume alikuwa Orwa, mdogo wake Okech, mkulima na mwimbishaji wa kwaya huko Rorya. Alikuwa amesafiri kutoka Mara kumsindikiza shemeji yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, nyathina," alisema Selestina. Princess hakuwa ameitwa hivyo, mwanangu, kwa Kijaluo, tangu bibi yake alipozikwa.

Shida yenyewe ilikuwa nyepesi. Mjane wa mstaafu hupewa na Mfuko kadi ya matibabu, na kadi hiyo huhuishwa kila mwaka akishahakikiwa. Figo za Selestina zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alitoka Buhongwa, alikopanga chumba, akaenda hospitali ya rufaa kusafishwa damu. Kadi ikiwapo, mashine huwashwa. Kadi isipokuwapo, haiwashwi. Hakukuwa na jambo la tatu.

Kidole kilisomeka. Picha ilifanana, ukiondoa uvimbe. Likabaki swali moja ambalo kila mjane huulizwa, kwa sababu mjane akiolewa tena haki yake hukoma.

"Mama, tangu mzee afariki, umeolewa tena?"

"Hapana."

"Aolewe na nani, na mimi nipo?" Orwa alidakia, akiinama ili sauti yake ipite kwenye tundu la kioo. Alitaka ofisi ijue kwamba mama huyu hakutupwa. "Msiwe na hofu. Nimemchukua mimi."

Venant aliacha kuandika. "Mzee, hapo umesema nini?"

Princess aliuliza kwa Kijaluo, akajibiwa bila aibu. Baada ya maziko, nyumba ya mjane hubaki imefungwa kimila. Hapandi shamba lake, na watoto wake hawajengi wala hawaoi, mpaka ndugu wa marehemu amchukue. Zamani mambo yalikwenda mpaka kitandani. Siku hizi, kwa watu wa kanisa kama wao, hutosha koti. Orwa alilitundika koti lake kwenye nyumba ya kaka yake mchana, ukoo wote ukitazama, likalala humo usiku mmoja. Asubuhi alilichukua akarudi kwa mke wake. Ndilo hilo alilolivaa.

"Na wewe ni mke wake, mama?"

Selestina alicheka mpaka akashika ubavu. "Wa Orwa? Huyu nilimfuta makamasi mimi. Mimi ni mke wa Okech. Hata nikizikwa nitazikwa mkono wake wa kushoto, mahali pa mke."

Kwenye kompyuta, swali lilikuwa na vijisanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na chini yake nafasi ya Maelezo ya Ziada ambayo hakuna aliyeitumia. Princess alibonyeza Hapana. Kisha akaanza kuandika.

"Unaandika nini tena?" Venant alinong'ona. "Mama kasema hapana. Weka hapana, twende chai."

"Nawe umesikia alichosema mzee."

"Mimi masikio yangu ni ya dirisha namba nne."

"Mwakani atakuja mbele ya mtu mwingine, atasema hivyohivyo, watamwita mwizi. Mjane yule wa mwaka juzi si walimpeleka mahakamani kwa kuficha mume? Nikieleza leo, nimemkinga."

"Utamponza mama wa watu."

"Uongo ndio unaoponza, Venant."

Akaandika kwa Kiswahili safi: Mjane amerithiwa kimila na shemeji yake kwa kutundikiwa koti. Hawaishi pamoja. Kwa mila yao anabaki mke wa marehemu. Akasoma mara mbili, hakuona kosa, akatuma. Kisha akauliza kama kuna jambo lingine analoweza kusaidia.

"Umemaliza yote, nyathina," Selestina alisema. Pale dirishani palikuwa na kibao chenye sura mbili, moja ya kijani inacheka, moja nyekundu imenuna, ili mteja apime huduma. Aliibonyeza ya kijani kwa dole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Kadi ilizimwa kabla ya mwezi kwisha. Selestina aliambiwa akiwa ameshalala kitandani, mkono umenyooshwa tayari. Muuguzi aliitelezesha kadi kwenye kisomeo, akaifuta kwenye gauni, akaitelezesha tena.

Habari zilipomfikia, Princess alifungua jalada. Huko makao makuu, Dodoma, mtu asiyemjua alikuwa amesoma maelezo yake mpaka neno "amerithiwa", akahamisha alama kutoka Hapana kwenda Ndiyo.

Alikwenda kwa Masalu, mkuu wa ofisi, mtu asiye na makuu, akaweka karatasi mezani.

"Hajaolewa. Nimeeleza wazi."

"Umeeleza wazi kwa Mjaluo," alisema Masalu. "Mimi Msukuma. Kwetu mtu akirithi mjane wa kaka yake, huyo ni mke, na watu hula ng'ombe. Ningekuwa Dodoma ningeweka Ndiyo hiyohiyo."

"Nifute maelezo."

"Hayafutiki. Yana jina lako na saa uliyoandika. Nenda mbele, nyuma hakuna njia."

Akaenda mbele: aliandika ufafanuzi, Masalu akautia saini. Jibu lilikuja likiwa na adabu zote: ndoa ya kimila inatambulika; ikiwa imevunjika, mteja alete hati ya talaka ili haki yake irejeshwe.

Orwa alipewa habari hiyo kwa simu, akaamini ni jambo la kufanyika, maana limetoka serikalini. Alikwenda kwenye baraza la usuluhishi la kata kuomba talaka. Wazee wa baraza walimuuliza mahari ilitolewa lini. Haikutolewa. Wamelala pamoja? Hawajalala. Katibu akamrudishia kitambulisho na kumwambia hawezi kuvunja ndoa ambayo haipo. Aliomba waandike maneno hayo. Wakakataa, kwa kuwa wao huandika mashauri, na hapo hapakuwa na shauri.

Wakati huo mashine ilikuwa ikilipiwa kwa mifugo ya Rorya. Ng'ombe walipokwisha, mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, halafu ikawa pale itakapowezekana.

Ilibaki njia moja, na ilimpa Princess kinyaa. Wakili mmoja wa mtaa wa Nyakato alikuwa tayari kuandaa hati ya kiapo ambamo Orwa angetamka kwamba hakumrithi Selestina kamwe; kwamba alipokuwa dirishani alikosea Kiswahili. Makao makuu wangeipokea. Princess, aliyekuwa akimrudisha mtu nyumbani kwa kosa la herufi moja, aliupiga chapa uongo huo mwenyewe na kuwaita.

Walikuja asubuhi. Selestina aliingizwa kwa kiti cha magurudumu cha ofisi, miguu imejaa kama magunia yaliyolowa, pumzi fupi. Princess alitoka nyuma ya kioo akapiga magoti mbele yake, akasoma hati kwa Kijaluo neno kwa neno. Orwa alisikiliza huku akiwa ameshika ukosi wa koti lake.

"Nipe kalamu," alisema.

"Subiri," alisema Selestina.

"Shemeji, ni karatasi tu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, na ukoo je? Mwanangu Jonathan alijenga nyumba yake kwa koti hilo. Mke wake ana mimba. Ukiapa kwamba hukulitundika, mtoto wangu amejenga nyumba mama yake akiwa hajafunguliwa. Hiyo ni chira." Aligeuza macho kwa Princess. "Unaijua chira, nyathina, au mji umekusahaulisha?"

Princess aliijua. Ni ule mkosi unaomla mtu aliyeruka mila: mtoto anakonda bila ugonjwa, wa pili anafuata. Hakuiamini. Alijua pia kwamba hilo halikuwa na uzito wowote mahali pale.

"Mama, hakuna atakayejua. Karatasi inakwenda Dodoma."

"Orwa atajua. Mimi nitajua. Na nikifa hali mmeapa sikuchukuliwa, nani ataninyanyua kunipeleka kaburini? Watatafuta mlevi wa kulipwa atundike koti juu ya maiti yangu ndipo nizikwe. Unataka nifanyiwe hivyo?"

"Bila kadi utakufa sasa hivi, mama. Huo ni ukweli. Sikutishi."

"Najua hutishi. Wewe ni mkweli sana." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo Princess alilokuja kulikumbuka. "Shemeji, usiape."

Orwa aliiweka kalamu juu ya hati. Alivifunga vifungo vyote vya koti, kimoja baada ya kingine, kisha akasukuma kiti kuelekea mlangoni. Pale kwenye kibao cha sura mbili walipita bila kukigusa.

Orwa alirudi peke yake mvua za vuli zilipoanza. Hakwenda kwa Venant ingawa hapakuwa na mtu. Aliketi dirisha namba tatu, akatoa kwenye mfuko wa koti kadi ya matibabu iliyofungwa kwenye nailoni.

"Nimeleta kadi yenu. Tumemzika Jumamosi."

"Pole, baba." Ilikuwa kawaida kuuliza, akauliza. "Mmemlaza wapi?"

"Mkono wa kushoto wa Okech. Hakukuwa na maneno. Kila kitu kilikuwa sawa." Alilisema kwa kuridhika kidogo, kama mtu aliyefikisha mzigo bila kuvunja kitu. "Mke wa Jonathan naye amejifungua. Wa kike. Wamemwita Selestina."

Princess alichukua cheti cha kifo, akafungua ukurasa wa kufunga jalada. Jina. Tarehe. Sababu. Kisha swali ambalo kompyuta humuulizia kila marehemu: ameacha mwenza aliye hai? Vijisanduku viwili. Chini yake, Maelezo ya Ziada.

Kwa kumbukumbu za Mfuko, Selestina alikuwa na mume, na mume huyo alikuwa ameketi mbele yake akipangusa matope kwenye kiatu. Kwa hiyo jibu la Mfuko lilikuwa Ndiyo.

"Baba, nalazimika kuuliza. Marehemu ameacha mume?"

Orwa alimtazama, akidhani hakusikia vizuri. "Mume wake si alitangulia? Alikuwa fundi wa kivuko chenu."

Princess alibonyeza Hapana. Kwenye nafasi ya maelezo, mstari mdogo uliwaka na kuzima, ukingoja. Hakuandika kitu. Akatuma.

Alikaa akitazama kioo, akitarajia kompyuta ikatae, iseme kwamba majibu yanapingana. Ilizungusha kiduara chake, ikaandika kwa kijani: Imepokelewa. Jalada limefungwa.

Kanuni ilidai sentensi moja zaidi, na Orwa, aliyeijua sasa, alingoja aisikie. Ilipochelewa, alisimama mwenyewe, akasema kwamba hakuna jambo lingine, akaaga.

"Nani anafuata?" Venant aliita kutoka dirisha lake.