Hakumgeuza

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nikifungua mlango wa zahanati ya Daktari Kanbara kabla yeye hajaamka. Si tabia yangu kumsema mtu niliyekula kwake. Lakini hili nitalisema, na atakayekasirika akasirike.

Sheria yetu ni fupi. Daktari akichunguza maiti akaona dalili isiyo ya kawaida, ana saa ishirini na nne za kutoa taarifa polisi. Asipotoa, ni kosa. Nzuri, sivyo? Sasa tazama tundu lake: akiona. Asiyetazama haoni, na asiyeona hana kosa. Kumbe uvivu nao ni kinga.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, katikati ya Januari, theluji imefika madirishani. Orie Takizawa alitupigia simu kwamba mama yake, bibi Sumi, amefia kwenye beseni la kuogea. Tulipofika, Orie na majirani wawili walikuwa wameshamtoa majini, wamemfuta, wamemvisha kimono cheupe na kumlaza kwenye godoro. Daktari akammulika macho, akasikiliza kifua, akatazama saa yake. Dakika nne nzima.

"Moyo," akasema. "Wazee na maji ya moto wakati wa baridi. Huyu ni wa tatu msimu huu."

Mzee Sakuma, mwenyekiti wa mtaa, akaitikia kwa kichwa. "Amependeza. Mashavu hayo hata rangi hayahitaji." Kisha akamgeukia Orie. "Lakini mwanangu, chumba chako si hicho hapo kando ya bafu? Mama akae majini mpaka kunakucha, wewe umelala tu?"

Orie hakuwa amelia hata tone. Alikuwa amekaa ameshika kichwa, akaniambia kinampasuka tangu alipoamka na ameshatapika mara mbili. Watu wakasema ni majonzi.

Mimi nikainua pindo la kimono. Miguu ya bibi, kuanzia nyayo hadi mapajani, ilikuwa na madoa mekundu ya waridi kama plamu za achari. Damu ya maiti hutuama chini, na kwa kawaida huwa ya zambarau iliyokolea. Waridi ni habari nyingine.

"Daktari, hebu tazama rangi hii."

"Baridi hufanya hivyo, Bi Hatsue."

"Maji yalikuwa bado vuguvugu. Nimeyatia mkono."

"Shusha hiyo nguo. Mwache mama wa watu apumzike."

Nikashusha, nikatoka, nikaizunguka nyumba. Kila Novemba wanaume wa mtaa huzifunga nyumba za wajane kwa mbao na nailoni ili theluji isivunje vioo. Ni wema, sikatai. Ila msimu huu waliivuta nailoni ikapita juu ya mdomo wa bomba la moshi la hita ya maji, na theluji ikaja ikashindilia. Moshi wote ulikuwa unarudi bafuni. Hewa ya moshi huo, kaboni monoksaidi, haina harufu, huipa damu rangi ya kupendeza, na huua. Nikafunga mtungi wa gesi kwa mikono yangu.

Garini nikamweleza daktari yote.

"Unajua nani walioifunga nailoni hiyo?" akasema. "Sakuma na wenzake. Unataka niwaletee polisi wazee wa watu? Na kesho kutwa kalenda inasema ni siku ya mkosi, ya kuvuta rafiki, tanuri la maiti limefungwa, hakuna anayetaka marehemu aondoke na mwenzake. Bibi anachomwa kesho saa nne. Ndugu wako njiani kutoka Tokyo."

"Na sheria?"

"Sheria inasema nikiona. Mimi sikuona kitu."

"Hukuona kwa sababu hukumgeuza. Nimekuonyesha, ukaniambia nishushe nguo."

"Bi Hatsue, wewe ni muuguzi."

Ndiyo, ni muuguzi. Tulipofika zahanati akaandika cheti: ugonjwa wa moyo, kifo cha kawaida. Akagonga mhuri, ndo basi. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini huyu alikuwa anakificha hadi kilio. Kwa cheti hicho tanuri lingefunguliwa, na damu ya bibi Sumi, shahidi mkuu wa Orie, ingekuwa jivu. Huyo mwanamke angeishi maisha yake yote akijua kwamba alilala huku mama yake akifa.

Jioni, mkesha ulipoanza, nilimvuta Orie jikoni nikamwambia yote.

"Usinifariji, dada. Lazima mama aliniita, mimi nimelala."

"Ulimsikia akiita?"

"Sikusikia chochote. Ndilo hilo linaloniua."

"Ulikuwa umelewa sumu ileile. Mlango wako uliofungwa ndio uliokuokoa. Lakini neno langu halina mhuri. Damu yake ndiyo itakayosema, na wewe ndiye mwanawe."

"Watu wameshapika. Ndugu wamefika. Nitawatazama vipi?"

Namba ya polisi nilikuwa nimeiandika kiganjani. Angekataa, ningepiga mwenyewe, kazi na iende.

Daktari akaja kufukiza ubani. Alipomaliza, Orie akapiga magoti mbele yake, akainama hadi paji likagusa mkeka, adabu zote.

"Asante kwa kuja, Daktari. Naomba kuuliza. Ulimgeuza mama?"

"Haikuwa lazima."

"Miguu yake uliitazama?"

Daktari akatazama saa yake. Mzee Sakuma akakohoa. "Mwanangu, hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, mzee? Asubuhi ulinihukumu hapahapa."

Akachukua simu, akapiga mbele ya wote. Akataja jina na anwani, kisha akasema, "Mama yangu amekufa na daktari hakumtazama. Njooni mumtazame nyinyi."

Watu wengi waliondoka kabla polisi hawajafika. Daktari aliniambia kesho nisije kazini, nikamwambia nilishajua.

Daktari wa polisi alikuta zaidi ya nusu ya damu ya bibi Sumi imebeba sumu ile. Ya Orie nayo, karibu siku nzima baadaye, ilikuwa na mabaki yake. Kanbara aliandika cheti kipya. Hakushtakiwa, kwa kuwa hakuona. Bado anatibu watu, na kila nikikumbuka nachemka.

Ijumaa tulimsindikiza bibi. Mzee Sakuma alipiga magoti kwenye theluji mbele ya Orie. Orie akamwinua, akaja kusimama nami.

"Ningeweza kuamka, dada?"

"Usingeweza."

"Na daktari angeweza kuniambia hilo Jumanne ile ile?"

"Angemgeuza tu. Dakika moja."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima.