Sahani ya Nafasi ya Kwanza

Sahani ilikuwa imeanza kunilemea mikononi, nami bado nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa Hilliard, kando ya Columbus, watu kama mia mbili wakisubiri kuona nitaipeleka kwa nani. Ilikuwa na ugali na sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, nilivyovipika kwa nyanya alfajiri kabla hatujatoka Louisville. Reginaldi, kocha wa Buffalo, alisimama ubavuni mwangu akitabasamu kama mnunuzi anayejua kwamba muuzaji ana haraka.

"Mama Patricia, bon, tumalize," alisema. "Unipatie nafasi ya kwanza, nikupatie ya pili na ya tano. Batu babili kwa moya. Hata mutoto wa masomo ya primaire ataona faida."

Nyuma ya sahani ile kulikuwa na historia. Sisi Wakongo tulikuwa na timu tatu: Louisville, Columbus na Buffalo. Zamani kila timu ilikusanya watu wa kabila lake na kanisa lake, mpaka mechi moja ikaisha na meno mawili ya mtu yakabaki kwenye majani. Wachungaji wakakaa, wakaiga walichokiona kwenye televisheni kwa Wamarekani: kila Mei wachezaji wapya wachaguliwe kwa zamu, timu iliyomaliza ya mwisho ianze. Wakaongeza na la kwetu. Meneja ambebee sahani mchezaji aliyemchagua, wale pamoja mbele ya watu wote. Mchezaji akikataa kula, ameikataa timu.

Sisi wa Louisville tulikuwa wa mwisho miaka miwili mfululizo. Si kwamba hatukujua mpira. Jumamosi nusu ya vijana wangu walikuwa ghalani wakibeba maboksi, tukawa tunacheza tisa dhidi ya kumi na mmoja. Mimi mwenyewe nilipewa umeneja kwa sababu moja tu: kazi yangu ya kutunza wazee ilikuwa ya siku za katikati ya wiki, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa huru. Na wachungaji walikwisha kutuambia kwamba tukishika mkia mara ya tatu, timu inavunjwa. Nililiogopa jambo hilo kuliko nilivyoonyesha. Vijana wale walishinda wiki nzima wakiitwa kwa namba za beji, na uwanjani ndipo walipoitwa kwa majina yao.

Kwa hiyo biashara ya Reginaldi ilikuwa na akili, na nilikuwa nimeitetea wiki nzima. Haba na haba hujaza kibaba, niliwaambia vijana; timu inahitaji miguu mingi, haihitaji nyota mmoja. Nyota mwenyewe kila mtu alimjua. Aliitwa Gisa, miaka ishirini na mmoja, katoka juzi kambi ya wakimbizi Uganda, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unatia mpira popote alipotaka. Aliishi hapo hapo Hilliard na mama yake. Walikuwa watu wa milima ya juu, Kivu Kusini, wafugaji wa kabila lingine.

Zihindula, kipa wetu na nahodha, alikuwa kimya wiki ile yote. Sasa alinisogelea, akavua glavu.

"Mama Patricia, nikuulize kitu moya. Kama ule kijana angelikuwa wa kabila yetu, Mushi sawa siye, ungelimuachia Buffalo?"

"Wewe angalia goli yako."

"Naangalia. Njo maana nauliza."

Nilimkasirikia sana, kwa sababu alikuwa amenikamata.

Nilipokuwa msichana, watu wenye bunduki walikuja kwetu Walungu, huko huko Kivu Kusini, wakachukua ng'ombe kumi na mmoja wa baba, pamoja na kaka yangu aliyekuwa akiwachunga. Nani alikuwa nani hatukujua. Giza lilikuwa limeingia. Jirani alisema ni watu wa kule juu, nami sikuuliza ushahidi. Niliamini miaka kumi na minane, nikaibeba imani hiyo kwenye ndege mpaka Kentucky. Na tangu siku ile, mimi binti wa wafugaji, sikunywa tena maziwa. Pale uwanjani nilipiga hesabu: ng'ombe wanachukuliwa, Gisa alikuwa na miaka mitatu.

Aibu ilinishika. "Reginaldi, hapana," nilisema. "Bakia na zako." Nikaanza kutembea.

Nilikuwa nimefika mbele ya Gisa na mama yake ndipo nilipoitazama sahani. Samaki! Mtu yeyote wa Kivu anajua kwamba wazee wengi wa kule juu hawali samaki. Nilikuwa nimempikia Marcellin, kijana niliyepanga kumchukua kwa nafasi ya pili, na mikono yangu iliamua tangu alfajiri kwamba Gisa si wetu. Gisa aliangalia sambaza, akamwangalia mama yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Gisa aliinuka taratibu. Alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa linawaka. Alivisogeza visamaki pembeni ya sahani kwa kidole, bila hasira, kisha akatoa kikapuni kibuyu kidogo alichotoka nacho kambini.

"Nyinyi Bashi," alisema, "si munakulaka bugali na maziwa?"

"Tunakulaka, mama," nilijibu.

Akamimina. Gisa alimega tonge, akachovya, akala. Nami nikamega. Maziwa yalikuwa yameganda vizuri, na yalikuwa na ule moshi wa kibuyu kilichofukizwa, ule ule wa nyumbani kwa baba. Nililia mbele ya watu mia mbili, na sikujali.

Msimu ule mara tatu tulicheza tisa, kama kawaida, lakini Gisa alikuwa mmoja wa wale tisa. Tulimaliza wa pili kwa tofauti ya bao moja. Timu ipo hadi leo, na Zihindula hajaacha kunitania juu ya sambaza.

Ila ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili iliyofuata uchaguzi ule. Baada ya ibada nilimpigia mama yangu simu Bukavu, nikamwambia nimekunywa maziwa. Naye hakuwa ameyagusa tangu siku ile ya ng'ombe.

"Ya nani?" aliuliza.

"Ya mama wa muchezaji wangu. Ni batu ba kule juu."

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Yalikuwa yameganda muzuri?"

"Muzuri sana, mama."

"Bon," alisema. "Ukimuona tena, umuulize kibuyu anafukizaka na majani gani."