Mkunga wa Delos katika Bandari ya Jeddah

Jumanne, saa tatu asubuhi, Badriya Haroub alikuwa akilinganisha namba za makontena na hati za mizigo katika ofisi ya uwakala, Bandari ya Jeddah, alipopigiwa simu kutoka uwanjani. Kontena la marumaru kutoka Ugiriki lilikuwa limefunguliwa. Marumaru yenyewe haikuwa na kasoro, vipande mia na arubaini vya ngazi za nyumba moja Riyadh. Juu yake alikaa mwanamke ambaye hakuandikwa kwenye hati.

Alijifunga shuka la sufu, na pajani alishika mfuko wa ngozi. Alisema anaitwa Mirto, mkunga wa kisiwa cha Delos, na yuko safarini mwaka wa elfu mbili mia nne na ushei. Mfukoni mlikuwa na mifupa ya mama yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kama cha Badriya.

"Mafi ikama," alisema mkaguzi, yaani hana kibali cha ukaazi. Akaandika hivyo, akamruhusu akae ofisini kungoja jibu la wakubwa wa Riyadh.

Ofisini walikuwa watatu: Badriya, karani mwenzake Mazin, ambaye pia wazee wake walitoka Unguja, na Risper wa Siaya, mpika chai. Risper alikimbia nyumba aliyokuwa akifanya kazi mtaa wa Sulimaniyah, na ikama yake ilibaki kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mumewe, Elijah, alikuwa dereva Riyadh. Hospitali mbili zilikwishamwambia Risper alete ikama kwanza.

Mirto alimtazama tumbo, akaomba chai ya pili.

"Kisiwa chetu kilikuwa cha Apolo," alisema. "Tukizaa pale, tukizika pale, naye hakulalamika. Wakaja watu wa Athene na merikebu. Hazina ya mungu walikwisha kuihamishia kwao, wakisema huko itakuwa salama. Safari hii wakasema mungu anachukizwa na maiti. Wakafukua makaburi yote. Halafu wakatangaza: hapa hazaliwi mtu, hapa hafi mtu."

"Alisema mungu mwenyewe?" aliuliza Badriya.

"Mungu alinyamaza. Waliosema ni wenye merikebu."

Tangu hapo kila mwenye uchungu alivushwa kisiwa cha pili, na aliyepiga makasia ni Mirto. Alivusha miaka minne, asimpoteze mama hata mmoja. Kisha Waathene wakasema hata wazima wanakitia kisiwa najisi, wakawatoa wote.

"Asiyezaliwa mahali wala kuzikwa mahali, kumwambia aondoke ni kazi ndogo," alisema Mirto. "Wewe, wazazi wako wamezikwa wapi?"

"Hapa Jeddah. Walikuja sitini na nne. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na kila mwaka nahuisha ikama."

"Hawajawafukua?"

"La."

"Afadhali."

Alhamisi, baada ya alasiri, Risper alishika ukingo wa meza. "Madam, chupa imepasuka."

Mazin akaitazama chupa ya chai. Ilikuwa nzima.

Mirto aliweka mfuko wake chini, akanawa mikono. Maji ya bahari yakaingia kwa chini ya mlango, ya vuguvugu, yakafika magotini. Mazin akapandisha mafaili juu ya kabati. Risper alilazwa juu ya meza ya Badriya, Badriya akamshika mabega, na meza ikaelea. Mirto akachukua fagio lenye mpini mrefu, akapiga kasia. Wakatoka mlangoni, wakapita kati ya makontena. Mwendesha winchi alisimamisha mzigo hewani mpaka wakapita.

"Nisukume?" Risper alilia.

"Bado, mwanangu. Hapa bado ni kwao."

Walipolipita boya la mwisho, Mirto akaliweka fagio. "Haya, sasa."

Badriya alikwisha kuona madaktari wengi na mashine zao. Mikono kama ile hakuwahi kuiona: haikuharakisha, haikuvuta, ilipokea tu. Mtoto wa kike akalia. Mirto akamfunika kwa shuka lake, akawarudisha wote ofisini. Maji yakatoka, na miguu ya meza ikabaki na chumvi.

Jumapili jibu lilifika. Marumaru iruhusiwe, mwanamke arudishwe melini. Badriya aliomba angalau mifupa izikwe karibu na baba yake yeye Badriya, lakini makaburini walitaka cheti cha kifo, na Waathene hawakuwahi kutoa. Mirto aliposikia alicheka kidogo. Alimfundisha Risper kumfunga mtoto kwa nguo moja, akambusu Badriya mkono, akapanda ngazi ya meli na mama yake begani, wima.

Elijah aliwasili kutoka Riyadh kwa basi la Batha, akiwa na blanketi jipya. Badriya akafungua fomu ya mtoto kwenye kompyuta. Mahali pa kuzaliwa: miji ilipangwa, na bahari haikuwamo. Akaandikia Riyadh. Riyadh ikajibu kwamba mtoto hakuzaliwa nchini, wala hakuingia kutoka nje, kwa hiyo kwa sasa hayupo.

Badriya aliwasomea barua yote. Risper alimhamishia mtoto kwenye titi la pili.

"Waambie ananyonya," alisema.

Badriya akaandika hivyo, akatuma. Jibu halijaja.