Nusu ya Viti

Fundi Sindano hakuwa mtu wa kuvua. Gari likiletwa kwenye kibanda chake viti vikiwa vimechanika, alivalisha ngozi mpya juu ya ile ya zamani, akashona pembeni, akapiga kiganja mara mbili, basi. "Ngozi kuukuu ndiyo fulana ya ndani," aliwaambia wateja. "Nani anavua fulana ili avae shati?" Mafundi wote wa mtaa ule walifanya hivyo hivyo. Gari lililozeeka nao lilikuwa na viti vinene kama godoro, na Sindano aliweza kukibana kiti kwa vidole viwili na kukuambia kimevalishwa mara ngapi.

Mwalimu hakuyajua hayo siku ya Jumatatu alipompelekea gari. Yeye alifundisha hesabu, shule zilikuwa zimefungwa, na alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kufanya wema bila kutumwa.

Gari lilikuwa la marehemu baba yao. Aliwaachia wawili, yeye na kaka yake, na wakakubaliana tangu mwanzo kwamba kaka ndiye ataliendesha, maana ana mke na watoto watatu na kazi ya mbali. Mwalimu angelipata siku moja kila mwezi, kaka akiwa usukani, kumpeleka mama kliniki. Gharama ni nusu kwa nusu. Kaka alileta taarifa, Mwalimu akatoa fedha na kuandika kwenye daftari la jalada la kijani: bima, matairi, breki, betri, oili, giaboksi, viti. Miaka tisa ya mwandiko wake mdogo, uliosimama wima kama watoto mstarini. Nyumbani walimtania kuwa ana mkono wa birika, na yeye alicheka nao, ingawa hakuna mwezi aliowahi kusema hana.

Wiki mbili nyuma, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametaka gari liuzwe. Alikuwa ameona chumba. Chumba chenyewe si kikubwa, lakini kilikuwa na jiko lake, bomba lake, na dirisha linalotazama ukuta uliopakwa rangi ya samawati. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akaahidi kumshikia mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na bado analala katika chumba cha uani kwa mama yake, kati ya cherehani iliyokufa na masanduku ya baba. Kila alipokaribia kutimiza fedha za kuhama, gari liliumwa.

"Ukiliuza hivi lilivyo utapewa bei ya baiskeli," kaka alimwambia. "Ukinunua jingine, utalilipia na kulitengeneza vilevile. Hili tulibadilishe viti tu, mdogo wangu, linatupa miaka mitano mingine. Piga hesabu, si ndiyo kazi yako?"

Akapiga. Alijumlisha gharama zote za miaka tisa, akazigawa kwa miaka, akalinganisha na bei ya gari jingine na matengenezo yake. Penseli ilimpa kaka ushindi. Kulitunza kulikuwa nafuu kuliko kuliuza. Mstari mmoja tu ulimkwaruza jicho: viti, mara nne katika miaka tisa, mara nyingi kuliko hata matairi.

"Watoto hao," kaka alisema akicheka. "Juisi, maziwa, matapishi. Mpaka shangazi yao azae ndiyo atajua."

Basi Mwalimu akakiacha chumba moyoni. Kaka aliposafiri kikazi wiki nzima na kuacha ufunguo kwa mama, akaona badala ya kumpa nusu ya fedha za viti, alipeleke gari kwa fundi yeye mwenyewe. Kaka akirudi akute kazi imekwisha.

Alimpigia simu akiwa amesimama kibandani.

"Kaka, nimelileta gari kwa fundi wa viti."

"Fundi gani?"

"Mmoja hapa nyuma ya shule. Wanamwita Sindano."

"Lirudishe nyumbani. Huyo atakuharibia. Mimi nina fundi wangu, ananijua."

"Nataka nikupunguzie kazi."

"Mwalimu! Nimesema lirudishe."

Mwalimu akacheka, maana kaka aliliogopea gari lile kuliko watoto wake. Alipoweka simu kwenye mkoba, Sindano alikuwa ameshavua vile vifuniko vya kitambaa ambavyo wifi alivifua kila mwezi na kuvirudisha, vikafungwa kamba chini, vumbi lisipite. Mwalimu hakuwahi kufunua chini yake. Angefunua kutafuta nini?

Sindano alibana kiti cha dereva kwa vidole viwili. Akabana cha pembeni. Akaenda nyuma, akabana.

"Ehe," akasema. "Gari la watu wanyenyekevu hili. Limevalishwa mara moja tu."

"Mara nne," Mwalimu akamrekebisha, kwa sauti ile ya darasani ambayo haikuwa kali.

"Mara nne?" Sindano akageuka. "Dada, lingekuwa mara nne ungekuwa unagonga kichwa kwenye paa. Njoo, lete kidole."

Akabana. Hakujua anachokipima, lakini kiti kilikuwa chembamba.

"Labda walivua kwanza," akasema. "Labda fundi wake anavua."

"Huyo fundi ni malaika. Ngoja, hiki cha dereva lazima nikifungue, sponji imekufa." Akachukua kisu na koleo, akapasua mshono. Ngozi ya kahawia ikafunuka kama ganda. Chini yake kilitokea kitambaa cha kijivu chenye mistari ya bluu, kimefifia, na pembeni yake safu ya pete ndogo za chuma zilizoshika kitambaa kwenye waya.

"Unaziona pete hizi? Hizi ni za kiwandani. Ukizikata hazirudi, sisi huku tunafunga kwa waya wetu. Hakuna aliyewahi kukata hapa. Kitambaa cha kiwanda, juu yake ngozi moja ya kahawia. Mwisho. Nani alikuambia nne?"

Mwalimu aliitazama ile ngozi ya kahawia iliyolala chini. Aliifahamu. Aliichagua yeye, akiwa kidato cha pili, siku aliyokwenda na baba kwa fundi. Baba alimwambia achague rangi, naye akachagua kahawia kwa sababu baba alikuwa na viatu vya kahawia. Kwa hiyo hata hiyo moja haikuwa ya kaka. Katika zile nne, kaka alikuwa na sifuri.

"Dada, kaa basi," Sindano akasema, akisogeza kigoda kwa mguu. Alikuwa ameacha mizaha.

Akakaa. Akatoa daftari. Akaikata mistari minne ya viti kwa penseli, taratibu, kisha akapiga hesabu upya kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya na mikono yake. Kwa viti peke yake, angekuwa amehama miaka mitano iliyopita. Macho yakapanda kwenye giaboksi, yakashuka kwenye betri tatu. Hakujua tena mstari upi ni kweli. Akafunga.

Nyumbani alimkuta mama sebuleni akishona kifungo cha shati la mjukuu.

"Mama, viti vya gari havijawahi kubadilishwa."

Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno. Hakuuliza viti gani. Hapo Mwalimu akajua.

"Ulikuwa unajua."

"Ilikuwa karo ya watoto," mama akasema. "Aliona aibu kukuomba."

"Kunidanganya hakuona aibu?"

"Usipaze sauti."

"Sijapaza sauti, mama."

Kweli hakuwa amepaza. Hajawahi.

"Wale watoto ni damu yako, wewe ndiye shangazi yao," mama akaendelea, akitafuta kifungo kingine kwenye kopo. "Na wewe huna mtoto, mwanangu. Fedha zako zingekwenda wapi?"

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemtolea mwenzake uzi begani. Mwalimu alifungua mdomo. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Chumba."

"Chumba si unacho?"

Kesho yake asubuhi alirudi kwa Sindano. Alimlipa nusu ya bei waliyopatana: kiti cha mbele cha pembeni, anachokalia mama akienda kliniki, na nusu ya benchi la nyuma, upande ule anaokaa yeye akiwa kamshikia mama mkoba.

"Na cha dereva?" Sindano akauliza. "Nimeshakivua ngozi, mwalimu. Kiko uchi."

"Kina mwenyewe. Kirudishe hivyo hivyo."

Sindano akacheka kwa sauti, akamwangalia usoni, akaacha kucheka. "Nikitie gazeti basi."

"Usikitie kitu."

Kaka alirudi Jumamosi mchana. Gari lilikuwa uani, limeoshwa. Alifungua mlango wa dereva na kusimama pale muda mrefu. Kiti cha pembeni kiling'aa kwa ngozi nyeusi yenye mshono mweupe. Nyuma, benchi lilikuwa jeusi hadi katikati, halafu kahawia iliyochanika. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha kijivu kilichooza, sponji imetoka kama uji uliofurika, na waya mmoja uliochomoza pale paja linapokaa.

"Huu ni mzaha gani?" akauliza.

"Nusu kwa nusu," Mwalimu akasema. "Hiyo ni nusu yangu."

"Nitakaaje hapa? Jumatatu nina kazi!"

"Mpelekee fundi wako. Si anakujua?"

Kaka akafunga mlango polepole. Alikuwa amenyoa vizuri, na alionekana amechoka. "Kila senti ilikwenda shuleni, mdogo wangu. Sikunywa hata soda."

"Ungeniomba."

"Ningekuomba ungenipa?"

"Ningekupa."

Wote wawili walijua ni kweli. Angempa, mara nne, na ya tano, na angemshukuru kwa kumwona wa maana. Kaka akainamisha macho.

"Nilitaka isiwe msaada," akasema. "Msaada unahesabiwa."

"Na huu sikuuhesabu? Miaka tisa ninaandika. Usinidai tena. Nusu yangu ya miaka mitano ijayo ulishaichukua."

Mama alitokea jikoni akijifuta mikono. Hakumtazama binti yake. Alirudi ndani na kutoka na mto wake, ule mgumu wa kushikilia shingo ambao Mwalimu alimnunulia daktari aliposema alalie huo tu. Akaukunja mara mbili, akaulaza juu ya waya, akaupapasa.

"Kalia huu kwanza, baba," akamwambia mwanawe. "Usichomwe."

Kaka akaukalia. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza tu, likatoka.

Siku iliyobaki Mwalimu aliitumia kufungasha. Alikuwa na vitu vichache: nguo, vitabu, godoro, ndoo. Mjane alikubali miezi minne kwanza na miwili baadaye, akasema mwalimu hakimbii. Mtu wa mkokoteni alikuwa anasubiri langoni, anapiga mluzi.

Alipita chumbani kwa mama kuaga. Mama alikuwa bafuni, maji yakimwagika. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa, na pale kwenye kichwa hapakuwa na kitu. Mwalimu alisimama akipatazama. Alijua kabisa anachotaka kufanya, na alijua kinaingia kwenye mstari gani wa daftari, na bado alirudi uani, akaufungua mzigo ambao mtu wa mkokoteni alikuwa ameshaufunga kamba, akachomoa mto wake mwenyewe.

"Tunaanza upya kufunga?" mtu wa mkokoteni akalalamika.

"Samahani, kaka. Ni hiki tu."

Akauweka kwenye kitanda cha mama, akaunyoosha kona. Kisha akatoka, akaufuata mkokoteni kwa miguu.