Bibi Masouda Haruhusiwi Sebuleni

Nyumbani kwetu Al Khoudh, mji wa Kiarabu, Ijumaa baada ya sala ya alfajiri hakuna anayerudi kulala. Amerika bado ni Alhamisi usiku, na timu ya baba yangu inaingia uwanjani. Baba, Suud, alisomea uhandisi Amerika ujanani, akarudi na shahada na mapenzi ya besiboli, akatuambukiza sote. Timu tunaiita Bluu, kwa rangi ya kofia zao. Majirani wanajua mpira wa miguu tu. Mwanzoni wakisikia makelele yetu walidhani tumefiwa.

Tuna kanuni zetu. Baba hukaa pembeni mwa kochi, kaka yangu Mutasim chini kwenye zulia, mimi karibu na birika la chai, na hakuna ruhusa ya kuhama. Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba Bibi Masouda, mama yake Baba, asiingie sebuleni. Mwaka juzi aliketi nasi mara tatu, na Bluu wakafungwa mara tatu. Baba, mtu mzima na usomi wake, akamwomba kwa adabu zote abaki jikoni na vitumbua vyake. Bibi akacheka, akakubali. Mimi nilimwona alivyoikunja miwani yake taratibu, ikaniuma. Lakini na mimi nilitaka Bluu washinde.

Ijumaa hii ulikuwa mchezo wa pili kati ya mitano ya kutafuta nafasi ya fainali. Bluu walikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpigaji wetu ameshika gongo, mrushaji hajainua hata mkono, mara kikasikika kigelegele jikoni. Tukatazamana. Baada ya nusu dakika mpigaji akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, tukasawazisha, na hakuna aliyeruka.

Baba akaenda jikoni, nami nyuma yake. Bibi alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la sukari, miwani machoni, mikono imejaa unga. Mchezo uleule, ila simu yake iliitangulia televisheni yetu kwa nusu dakika. Mutasim alitufuata, akajifanya anatafuta kijiko. Nikajua ni nani aliyemfundisha Bibi kutizama kwenye simu.

Baba akamuuliza tangu lini.

"Tangu uliponitoa," Bibi akasema. "Miye michezo yote nimeitizama, Suud. Mliyoshinda na mliyofungwa. Nilichokosa ni mtu wa kupiga nae kelele tu."

Baba aliona haya mpaka masikio. Nilifurahi, sifichi. Akamnawisha mikono, akamleta sebuleni, akamkalisha pale pembeni mwa kochi anapokaa yeye, kisha akashuka kwenye zulia na Mutasim. Bibi alipiga kelele kutushinda sote. Aliwajua wachezaji kwa majina, na mmoja mvivu alimsema kwa Kiarabu na Kiswahili kwa zamu. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Kisha Bluu wakafungwa, kwa pointi moja, dakika za mwisho kabisa.

Hakuna aliyemtazama Bibi, na mwenyewe aliliona hilo. Akainuka, akaanza kukusanya vikombe, akasema anarudi jikoni.

Baba akamshika mkono.

"Kaa, Mama. Kesho tunacheza tena."